Sufuria za Baba

Jumanne, 4 Machi

Sketi kumi na nne bado, na mvua haikatiki. Cherehani inakwaruza kama ina kikohozi. Daftari hili la vipimo nimeligawa: mbele viuno vya watoto wa watu, nyuma mambo yangu.

Mwalimu wa Chiriku kanisimamisha getini leo. Anasema binti yangu anarudi nyuma. Herufi alizokuwa anazitaja mwezi wa kwanza, sasa anazikodolea macho tu. Chiriku! Mtoto aliyepewa jina hilo na babu yake kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kufunga mdomo. Siku hizi anafunga. Anashika tumbo, anajikunja juu ya vitambaa vyangu, anatazama ukuta. Ana miaka mitano na nusu na anachoka kama mzee.

Mama anasema minyoo. Dawa ya minyoo nimeshampa mara mbili. Baba Chiriku yuko safarini na lori, nikimpigia anasema nimpeleke hospitali, basi, kana kwamba mimi sijui hospitali iko wapi.

Leo Mama kaamua kumtibu kwa njia yake: maharage yenye nyanya nyingi, yamechemka tangu asubuhi kwenye sufuria kubwa ya Baba. Kidogo tu akala, lakini akala. Mimi nimekula sahani mbili. Ile harufu! Ghafla nina miaka minane, nimetoka shule, nimesimama mlangoni mwa karakana, Baba kavaa aproni yake ya ngozi, anagonga sufuria mpya kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ikilia vizuri anacheka peke yake. Ananiambia, "Hii inaimba hii. Mpelekee mama yako."

Tumemzika miaka mitatu iliyopita. Jikoni kwetu hakuna sufuria hata moja ya dukani.

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali. Foleni mpaka nje. Daktari ni msichana mdogo, kachomeka kalamu kwenye nywele na anaitafuta kalamu hiyohiyo mezani. Chiriku kacheka! Kicheko cha kwanza wiki nzima.

Akamfunua kope, akamtazama ufizi, akambonyeza tumbo. Damu pungufu, kasema. Halafu yakaja maswali ya ajabu. Nyumba imepakwa rangi lini? Kuna mtu anavunja betri jirani? Mtoto anakula udongo? Nyumbani mnafanya kazi gani? Nikasema mimi nashona. Na mnapikia nini?

"Sufuria," nikamjibu, nikacheka. "Daktari, watu wanapikia nini tena?"

"Za dukani au za kusubu?"

Hapo ndipo nilipojisifu. Nikamwambia marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kusubu sufuria, hodari kuliko wote mjini, akiyeyusha alumini ya vyuma chakavu na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga, na kwamba nusu ya majiko ya mtaa wetu yana kazi ya mkono wake. Na kaka yangu sasa anaendeleza. Niliongea kama nauza. Daktari aliacha kuandika.

Wamemtoa damu. Hakulia. Heri angelia.

Jumatano, 12 Machi

Ishirini na tatu.

Nimeiandika namba hiyo kama kipimo cha kiuno. Daktari anasema ikifika tano tayari wanashtuka, na hata hiyo tano siyo kwamba ni salama. Hakuna kiasi chake kilicho salama kwa mtoto. Ni risasi. Madini ya risasi, yale yanayotengenezewa betri za gari. Kaeleza taratibu, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikusikia kitu. Kwamba mwili wa mtoto unaikosea, unaiona kama chokaa ya mifupa, unaiweka akiba. Kwamba inaingia ubongoni. Kwamba haionekani, haina harufu, haiumi mpaka imeshakaa. Kwamba kwa kiwango hiki hawampi dawa ya kuiondoa. Cha kwanza ni kuziba inakotoka, kumpa vidonge vya madini ya chuma, maziwa, mboga za majani, kisha kumpima tena baada ya mwezi.

"Atarudi kama zamani?" nikauliza.

Akasema wengi wanapata nafuu. Akasema tumewahi. Hakusema ndiyo.

Nimefika nyumbani, Mama yuko uani anachambua mchele. Nikamwambia mtoto kakutwa na risasi kwenye damu. Ungo ukaruka! Mama kasimama, mikono kichwani: "Nani kampiga mtoto risasi? Wapi? Mbona hamna tundu?" Akamvua Chiriku gauni palepale, anamgeuza mbele nyuma kutafuta jeraha. Chiriku anacheka kwa kutekenywa. Mimi nikacheka pia, nikashindwa kuacha, mpaka Mama akaona kwamba silii kwa kucheka.

Nikamweleza vizuri. Daktari anataka sufuria ipelekwe maabara. Mama akaanza kuokota mchele mmoja mmoja.

Ijumaa, 14 Machi

Vita.

Asubuhi nimeishika sufuria kubwa, Mama kashika upande wa pili. Tumevutana kama watoto! "Umekula humu miaka arobaini na moja, umekufa? Kaka yako kakufa?" Nikamwambia sijui nimepoteza nini, sijajipima. Akasema aliyenifundisha kujibu wazazi ni nani, hospitali au vitambaa?

Akaibandika jikoni makusudi, akapika humo wali. Nikaenda kuazima sufuria ya chuma cha pua kwa jirani, nikapika wangu pembeni. Majiko mawili, wanawake wawili. Chiriku kaonja wa kwangu, kasukuma sahani: "Huu hauna Bibi." Mama kainua nyusi, kaona kashinda. Lakini mtoto aliponyoosha mkono kwenye wali wa bibi yake, niliona Mama mwenyewe anasogeza sahani mbali. Kidogo tu. Kama anayeisogeza kwa bahati mbaya.

Alasiri kaniletea sufuria mbili zimefungwa kwenye kanga: ile kubwa ya Baba, na ndogo ambayo Kaka alimtengenezea Chiriku alipozaliwa. "Wapime," kasema. "Halafu uje uombe radhi kaburini."

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda karakana kwa Kaka. Sikuwa nimekanyaga tangu msiba.

Kila kitu kilekile! Mchanga mweusi wenye mafuta, tanuri lililochimbwa chini, feni ya kupulizia moto inayopiga kelele kama inapaa. Nilikuwa nakaa kwenye gurudumu la lori, pale kushoto, na kazi yangu ilikuwa kusema "sasa!" Baba alinidanganya kwamba bila mimi kusema, chuma hakiivi. Nikisema sasa, yeye na Kaka wanainua chungu cha moto kwa koleo ndefu, wanamimina, na ule uji wa fedha unaingia kwenye mchanga bila sauti. Halafu tunangoja. Hakuna aliyekuwa anaongea wakati wa kungoja. Nadhani ndio ukimya mzuri kuliko wote nilioujua. Na moshi. Tulikuwa tunaunusa moshi ule kama watu wengine wanavyonusa mkate.

Kaka kafurahi kuniona. Kanivutia kiti, kanifutia. Pembeni kuna sufuria sita kubwa, kila moja mtoto anaweza kuogea. Tatu zimekamilika, tatu bado. "Za shule," kasema. Shule ya Chiriku. Shule ninayoishonea sare! Wanafungua jiko jipya, watoto mia tatu watapata uji na chakula cha mchana. Zinapelekwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Anazitazama kama alivyokuwa anatazama Baba.

Nikatazama rundo la vyuma. Pistoni, rejeta, vipande vya injini. Na kwenye kopo, peke yake, vichwa vya betri.

Nikauliza vya nini.

"Aa, hivyo? Kipande kimoja kila chungu. Mzee ndivyo alivyonifunza. Chuma kinakuwa laini, kinafika mpaka ukingoni." Kasema hivyo huku anatabasamu, kama anayenipa siri ya familia. Na ilikuwa siri ya familia.

Nikamweleza habari za damu ya Chiriku. Akaniuliza hali yake, mara tatu, kwa uchungu kabisa, huyu ndiye mjomba anayembeba mabegani. Kisha akaniuliza kama majibu ya sufuria yametoka. Nikasema bado. "Basi tusubiri, mdogo wangu. Usije ukaniharibia jina kwa kitu ambacho hakijathibitishwa."

Alipoinua kikombe cha chai, mkono ulitetemeka. Kaka ana miaka arobaini na sita.

Jumanne, 25 Machi

Majibu.

Mtaalamu wa maabara ni mzee mpole mwenye koti limekatika vifungo viwili. Macho yangu yaliganda kwenye vifungo hivyo wakati anaongea. Walichemsha maji yenye siki kidogo ndani ya kila sufuria, saa mbili, halafu wakayapima maji. Sufuria zote mbili zimetoa risasi. Ndogo ya Kaka, mara sita ya kile kinachokubalika. Kubwa ya Baba, mara kumi na nne.

Nilikuwa nimeomba iwe kinyume. Aibu kuandika. Lakini njia nzima nilikuwa naomba: iwe ya Kaka, isiwe ya Baba.

Nikamwambia ni ya zamani sana, inasuguliwa kila siku, si ingekuwa imeisha? Kasema kuisugua ndiko kunakofunua upya. Na nyanya, ndimu, siki, chochote kichachu, vinaing'oa zaidi. Nikafikiria yale maharage. Sufuria ile ile, nyanya zile zile, tangu sina meno.

Nimerudi kwa miguu, sufuria zote mbili kwenye kanga. Nimemkumbuka Baba wa mwaka wa mwisho. Viungo vilikuwa vinamuuma, vitasa vya milango vilimshinda. Figo zake zilichoka. Alisahau jina langu, akawa ananiita kwa jina la Mama, na sisi tunacheka, tunasema mzee kazeeka vizuri, kamrudia mkewe ujanani. Alikuwa na miaka sitini na moja. Ule haukuwa uzee. Au ulikuwa? Hakuna aliyempima, na sasa hakuna atakayejua.

Na bado, nikifumba macho, ni mtu aliyeinamia mchanga na kunisubiri niseme sasa. Siwezi kumkasirikia. Nimejaribu kutoka maabara mpaka nyumbani. Siwezi.

Alhamisi, 27 Machi

Juzi nilimsomea Kaka majibu kwenye simu. Akakata. Leo kaja mwenyewe, kasimama katikati ya chumba changu cha kushonea na viatu vya karakana, majivu kwenye sketi za watu.

"Unataka niwaambie nini watu? Kwamba Mzee aliwauzia sumu?"

"Waambie huzipeleki zile sita. Hilo tu kwa sasa."

"Miezi miwili ya kazi!"

"Watoto mia tatu, Kaka."

Akasema watu wamepikia sufuria hizi tangu enzi, na mtaa mzima uko hai. Nikasema yuko hai hata Chiriku, nenda kamsomeshe a na be uone. Hapo sauti yangu ilipanda. Kaka akatazama chini. Akasema taratibu sana, kwamba wanawe wawili wanacheza kwenye ule mchanga kila siku. Kwamba wa pili bado hajaanza kusema na ana miaka mitatu. Kwamba yeye na mkewe walikuwa wanasema ni mvivu tu wa maneno.

"Mpeleke akapimwe," nikamwambia.

"Na wakinipa namba, nitaifanyia nini?"

Akaondoka. Kutoka mlangoni akasema Jumatatu gari linakuja, ameshaahidi, jina la Mzee limeandikwa kwenye barua ya shule.

Mchana nikachukua furushi la sare na karatasi ya maabara, nikaenda kwa mwalimu mkuu. Nikamkabidhi sketi. Akageuza pindo, akasifia. Akanionyesha jiko jipya kupitia dirishani, sakafu inang'aa, akasema, "Na sufuria tunapata kwa kaka yako, mambo ya nyumbani kwa nyumbani!" Nikasema asante. Nikaondoka.

Asante! Karatasi ilikuwa mkobani. Nimemwona Kaka mwoga, na mimi nikashindwa kufungua zipu.

Jumamosi, 29 Machi

Mama kakaa uani leo na sufuria zote saba. Kaziinamisha kwenye mkeka, matako juu, anapitisha kidole. Chini ya kila moja kuna nukta nne, Baba alizigonga kwa msumari kabla hajampa mtu. Nilipokuwa mdogo niliuliza maana yake, akasema ni saini ya mtu asiyejua kuandika. Alijua kuandika.

Mama akaniita nikae. Akauliza, kama anayeuliza bei ya vitunguu: hiyo risasi, ikiwa kwa mama, inaweza kumgusa mtoto aliye tumboni?

Nikamwambia daktari aliniambia inaweza. Inapita.

"Inaweza kumtoa?"

"Inaweza, Mama. Lakini mengine mengi pia yanaweza. Hakuna mtu anayeweza kusema juu ya..."

"Sijakuuliza juu ya nani."

Akaweka kidole kwenye nukta ya kwanza. Kaka yako, kasema. Ya pili, wewe. Halafu akahamisha kidole kwenye ya tatu na hakusema, na kwenye ya nne na hakusema.

Nilijua kwamba kati yangu na Kaka kulikuwa na mmoja. Huyo wa pili sikumjua. Alikuja baada yangu, mimba ya miezi saba, msichana. Baba alimfukia mwenyewe. Kesho yake akagonga nukta kwenye sufuria zote za nyumbani, akarudi kazini, na tangu siku hiyo hakuna sufuria iliyotoka bila nukta nne. Watu walifikiri ni alama ya biashara! Mama anasema yeye ndiye aliyekuwa anamfulia nguo za kazi, kwa mkono, akizikung'uta vumbi kwanza, mimba na yote. Anasema vumbi lile lilikuwa tamu kidogo mdomoni.

"Hakujua," nikamwambia.

"Angejua angelala humo ndani ya tanuri mwenyewe," kasema.

Hakulia. Kaosha sufuria zote saba, kazikausha kwa kanga yake, kazipanga karibu na mlango wa nje kama wageni wanaongoja kusindikizwa. Chiriku kamsaidia. Alikuwa anazihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, tano. Mama akamwambia nne kaisahau. Chiriku akarudi mwanzo. Wamehesabu hivyo kama nusu saa, mimi nimesimama na mkasi mkononi.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika nimekaa juu ya kalibu iliyopinduliwa, karakana kwa Kaka, saa nne asubuhi. Sijui nifanye nini kingine na mikono yangu.

Nilikuja mapema kumwomba mara ya mwisho. Pikapu ilikuwa imeshapakiwa, zote sita, zimefungwa kamba. Kaka kavaa shati jeupe. Hakunisalimia, kasema tu: tutaongea nikirudi, tafadhali. Ndipo tukasikia bodaboda. Mama! Mama ambaye hata kwenda dukani anatutuma, kashuka, kajifunga kanga kiunoni, kampita Kaka, kampita dereva, kakanyaga tairi, kapanda nyuma ya pikapu. Miaka sitini na nane! Dereva alitaka kumshika, akaogopa pa kushika. Mama kakaa kwenye ukingo wa ile sufuria kubwa kuliko zote, akateleza, akaingia ndani yake mzima, miguu ikabaki nje.

Hakuna aliyecheka. Akajiweka sawa humohumo ndani, kama yuko kwenye beseni.

"Mama, shuka," Kaka kasema.

"Twende."

"Twende wapi?"

"Si unazipeleka shule? Nipeleke nazo. Nitawaambia wapishi mwenyewe. Mume wangu ndiye aliyeanza, mimi ndiye nimebaki, ni haki yangu mimi kusema. Si wewe wala mdogo wako."

Kaka akasema Mama, jina la Mzee. Mama akamwambia, bila kupaza sauti, kwamba mumewe ana watoto wanne na wawili hawakupata hata jina, basi asimfundishe habari za majina. Kaka hakujua. Nilimwona anavyopokea. Akanitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa. Akakaa chini, shati jeupe kwenye mchanga mweusi.

Dereva anauliza anaondoka au anapakua, ana mzigo mwingine saa tano. Anawasha, anazima, anawasha. Kaka kashika kichwa. Kisha kamuuliza Mama, kama mtoto mdogo, kama hospitali wanapima damu Jumatatu. Mama kasema muulize mdogo wako.

Nimesema ndiyo, wanapima. Kaka hajainuka. Dereva kawasha tena. Mama kanyoosha mkono nje ya sufuria, ananiambia, "Mama Chiriku, acha kuandika. Nipe hiyo karatasi ya maabara, halafu panda ukae hapa unishike, gari likianza kutikisika nisianguke." Nafunga daftari, nafungua zipu.